Kituo cha Ubeti na Kituo cha Gitaa: Jinsi Maneno Yanavyochagua Kodi katika Wimbo wa Kiswahili

Utangulizi

Katika masomo yetu ya fasihi, wimbo huingia darasani bila sauti yake. Huandikwa ubaoni, tukahesabu mizani, tukapigia mstari vina, tukataja tamathali za semi, tukatoa dhamira na ujumbe, kisha tukafunga daftari. Makala hii inadai kwamba uhakiki wa namna hiyo husoma nusu ya wimbo. Nusu ya pili imo katika kodi, yaani sauti tatu au zaidi zinazopigwa pamoja kwenye gitaa au kinanda, au zinazoimbwa pamoja na kwaya. Wenzangu wanaopiga gitaa hapa Gitega husema akoridi, kwa kufuata Kifaransa. Wa Dar es Salaam na Nairobi husema kodi, na mimi nitawafuata hao, nikimwomba msomaji asiichanganye na kodi ya soko.

Dai hili si geni kama linavyoonekana. Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, ng'ambo tu ya mpaka wetu, alisisitiza katika kitabu chake cha kanuni za utunzi cha mwaka 1954 kwamba shairi ni wimbo, na kwamba shairi lisiloimbika limepungukiwa na maana. Tangu hapo tumebishana sana kuhusu vina na mizani, hasa baada ya Kezilahabi kutoa Kichomi mwaka 1974. Lakini katika ubishi huo neno la Amri Abedi kuhusu kuimbika tulilifanya kuwa suala la kuhesabu silabi. Hatukuuliza: likiimbwa, litaimbwa juu ya sauti zipi, na sauti hizo zitaongeza nini kwenye maana?

Nitajibu swali hilo kwa nadharia ya msingi ya muziki, ile ambayo mwalimu yeyote wa kwaya anaijua, na kwa mifano miwili: wimbo mmoja maarufu wa Afrika Mashariki, na ubeti mmoja uliotungwa kwetu Bukirasazi. Hoja yangu ni moja. Nadharia humpa mtunzi orodha ya kodi zinazowezekana. Kuchagua ni kazi ya maneno.

Kodi hupatikanaje

Tuanze na ngazi ya do, re, mi, fa, sol, la, si. Chukua nota yoyote, ruka moja, chukua inayofuata, ruka moja tena, chukua nyingine. Ukianzia do utapata do-mi-sol. Ukianzia fa utapata fa-la-do. Ukianzia sol utapata sol-si-re. Hizi tatu ni kodi meja, zenye sauti iliyo wazi. Ukianzia re, mi au la utapata kodi maina: re-fa-la, mi-sol-si na la-do-mi, ambazo masikio yetu husema zina huzuni au kivuli. Ya saba, si-re-fa, haina utulivu, na watunzi wengi wanaoanza huiacha kando.

Ukiziangalia zile kodi meja tatu kwa makini, utaona kwamba kwa pamoja zina nota zote saba za ngazi. Ndiyo maana mtu mwenye kodi tatu tu anaweza kusindikiza nyimbo nyingi mno. Wimbo wa taifa wa Tanzania, ambao sauti yake ilitungwa na Enoch Sontonga huko Afrika Kusini mwaka 1897, umesimama hasa juu ya kodi hizo tatu. Nyimbo nyingi za gitaa kavu za Katanga, za akina Mwenda Jean Bosco ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952, hazihitaji zaidi ya hizo. Kwa hiyo anayedharau "kodi tatu za kijijini" hajui anachokidharau.

Lakini orodha bado si uchaguzi. Nota moja huwa ndani ya kodi tatu tofauti. Nota ya do, kwa mfano, imo katika kodi ya do, imo katika kodi ya fa, na imo katika kodi ya la maina. Mwimbaji akimalizia mshororo kwenye do, mpiga gitaa ana milango mitatu mbele yake na yote mitatu ni sahihi kwa nadharia. Vitabu vingi vya mwanzo vya gitaa humwambia achague "inayosikika vizuri". Jibu hilo halimtoshi mtu anayeandika wimbo wenye maneno, kwa sababu milango hiyo mitatu inaelekea nyumba tatu tofauti.

Kituo na kituo

Hapa lugha yetu inatusaidia kuliko tunavyodhani. Katika ushairi, kituo ni mshororo wa mwisho wa ubeti, mahali ambapo mawazo ya ubeti hutua. Katika muziki pia kuna mahali pa kutua, na kwa bahati njema hatuhitaji neno jingine: ni kituo vilevile.

Vituo vya muziki vinavyotumika sana ni vinne. Cha kwanza ni kutoka sol kwenda do: hiki ni kituo kamili, mtu amefika nyumbani, amevua viatu. Cha pili ni kutoka fa kwenda do, ambacho kila aliyekwenda kanisani amekisikia katika "Amina": kufika kwa upole. Cha tatu ni kuishia sol na kusubiri. Hiki ni nusu kituo, na ni kama sauti ya mtu anayeuliza. Cha nne ni sol kwenda la maina. Sikio lilikuwa linatazamia do, likapewa jirani yake. Wanaofundisha muziki kwa Kifaransa hukiita kituo kilichovunjika.

Shairi la mizani kumi na sita limegawanyika pande mbili, na kila upande una kina chake. Kina cha kati hukatiza pumzi bila kumaliza wazo. Kina cha mwisho hulimaliza. Nusu kituo hufanya kazi ileile kwa sauti: hukatiza bila kumaliza. Kwa hiyo mtunzi anayeweka sol kwenye kina cha kati na do kwenye kina cha mwisho anafuata muundo ambao ushairi wetu tayari unao. Huo ni mwanzo mzuri. Ila akiufuata katika kila mshororo na kila ubeti, wimbo wake utasema "tumefika" kila baada ya mizani kumi na sita, hata pale maneno yanaposema hatujafika.

Chukueni Malaika, wimbo uliorekodiwa na Fadhili William wa Kenya na kuenezwa duniani na Miriam Makeba, na ambao mzozo wa nani mtunzi wake haujaisha hadi leo. Wahakiki wengi husema ni wimbo wa mapenzi na umaskini: kijana ampenda msichana, hana mali, hawezi kumwoa. Kisarufi, kitenzi cha kuoa kimewekwa katika -nge-, hali ya jambo lisilotimia. Sasa sikiliza kodi. Wimbo unapigika kwa zile kodi meja tatu, na mwisho wa ubeti, palepale penye kitenzi hicho cha -nge-, gitaa linarudi do. Maneno yanasema ndoa haipo. Sauti inasema tumefika nyumbani. Nafikiri hapo ndipo nguvu ya wimbo ule ilipo. Laiti ungeishia kwenye kodi maina, ungekuwa malalamiko. Kwa kuishia do, unampa kijana katika sauti kile alichonyimwa katika maisha, na msikilizaji anatabasamu huku moyo ukimuuma. Anayehakiki maneno peke yake ataona umaskini. Hataona faraja, na atashindwa kueleza kwa nini watu huuimba wimbo huo harusini.

Ubeti mmoja wa Bukirasazi

Bukirasazi iko kusini mwa mji wa Gitega, katika vilima ambako Kirundi ndiyo lugha ya nyumbani, ya shambani na ya msibani. Kiswahili kilikuja kwa wafanyabiashara, kwa redio, kwa shule, na kwa namna ya pekee kwa familia zilizorudi kutoka kambi za mkoa wa Kigoma nchini Tanzania. Wapo vijana waliojifunza kusoma kambini na ambao Kiswahili ni lugha ya utoto wao. Mimi ni mmoja wao. Kikundi chetu cha wanafunzi watatu kilitunga wimbo wa kurudi, na huu ni ubeti wake wa kwanza:

Nyumba tuliyoiacha, mlango una majani,
Kisima tulichoacha, sasa hakionekani,
Jirani tuliyemwacha, atuuliza: ni nani?
Tumefika, tumefika, bado hatujawa ndani.

Sifa za nje za ubeti huu si ngumu kuzitaja: ni tarbia, mizani ni nane kwa nane, vina ni -cha na -ni, na mshororo wa mwisho ni kibwagizo chenye kina chake cha kati. Swali lililotugawanya lilikuwa la kodi. Sauti ya wimbo inamalizia neno "ndani" kwenye nota ya do, silabi zote mbili. Mpiga gitaa wetu alitaka kodi ya do. Alisema wimbo lazima urudi nyumbani, la sivyo watu watadhani tumekosea. Mimi nilisema neno lenyewe linakataa. Mtu anayeimba "bado hatujawa ndani" juu ya kituo kamili anajikana mwenyewe: mdomo uko nje, gitaa limeshaingia na kuketi.

Si jambo dogo kwa wanaousikiliza wimbo huu. Aliyerudi huambiwa karibu nyumbani mara nyingi, na karibu hiyo ni ya kweli. Lakini kuna miezi, hata miaka, ambayo mtu yuko kwenye kilima chake na bado ni mgeni: majirani wamebadilika, mipaka ya shamba inajadiliwa, watoto wanazungumza Kirundi chenye lafudhi ya kambi. Wimbo unaorukia do unamwambia mtu huyo kwamba hali yake imekwisha. Wimbo unaovunja kituo unamwambia kwamba umemwona alipo.

Tulichokubaliana ni hiki. Katika ubeti wa kwanza, wa pili na wa tatu, kibwagizo kinatoka sol na kutua la maina. Katika ubeti wa nne, ambamo jirani anatamka jina la mzee wa nyumba, kibwagizo kilekile kinatua do. Maneno hayakubadilika hata silabi moja. Kibwagizo kwa kawaida yake hurudia maneno, na katika karatasi mara ya nne ni sawa na mara ya kwanza. Kodi peke yake ndiyo inayoweza kusema kwamba safari hii kuna kitu kimefunguka. Mhakiki aliyepewa karatasi tu ataandika "mtunzi ametumia takriri kusisitiza" na hatakuwa na jingine la kusema, ilhali kisa chote cha wimbo kimo katika badiliko hilo.

Kuhusu hofu kwamba watu watadhani tumekosea, nadharia yenyewe inatoa jibu. Kodi ya do ina do-mi-sol. Kodi ya la maina ina la-do-mi. Zinashirikiana nota mbili kati ya tatu. Sauti ya kwanza haihitaji kuhama kwenye do yake. Besi ndiyo inayofanya kazi: badala ya kurudi do, inapanda hatua moja kutoka sol hadi la. Wakati huohuo si hupanda kwenda do, na re hushuka kwenda do, ili sauti zote zisipande pamoja kama watu wanaokimbilia gari moja. Kodi ya sol ikitangulia kwa uwazi, sikio hujua lilichotazamia, na hapo kuvunjika kwa kituo husikika kuwa ni kusudi. Bila sol ya kutangulia, la maina ingesikika kama kidole kilichoteleza.

Mkazo na pigo zito

Kuchagua kodi gani hakutoshi. Lazima pia kuchagua kodi ibadilike kwenye silabi ipi. Kodi inapobadilika, sikio hupokea uzito, iwe mwimbaji amekusudia au hakukusudia. Na Kiswahili ni lugha ya mkazo: kwa kawaida uzito huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Katika kibwagizo chetu uzito uko kwenye "ja" ya "hatujawa" na "nda" ya "ndani". Sol inaingia kwenye "ja", la maina inaingia kwenye "nda". Tungeichelewesha la maina hadi kwenye "ni", tungesikika kama mgeni aliyejifunza Kiswahili kupitia Kifaransa, ambacho hukaza mwishoni.

Wanaodhani hili ni jambo la urembo tu wakumbuke neno "barabara". Mkazo ukiwa kwenye silabi ya tatu, ni njia ya kupita magari. Ukiwa kwenye silabi ya pili, ni sawasawa, bila kasoro. Mtunzi anayeimba "twende barabara" na kubadili kodi kwenye silabi isiyostahili amewapeleka wasikilizaji wake njiani wakati alitaka waende vizuri.

Kwa sisi Warundi kuna jambo la ziada. Kirundi ni lugha ya toni: kupanda na kushuka kwa sauti kunaweza kutenganisha neno na neno. Tunaona heshima ya jambo hilo katika inanga ya kunong'ona. Mtu anayenong'ona hana sauti ya kupandisha wala kushusha, lakini nyuzi za inanga hupanda na kushuka chini ya mnong'ono wake, na sikio huunganisha viwili hivyo likasikia mtu anayeimba. Kwa hiyo mtunzi makini wa Kirundi huchunga njia ya sauti, na kodi hufuata. Katika Kiswahili njia ya sauti iko huru zaidi, lakini wakati hauko huru: mkazo unadai pigo zito. Kijana wa Gitega anayehamia kutunga kwa Kiswahili, kama walivyofanya Khadja Nin na Kidum waliotutangulia, anabadilisha sheria moja kwa nyingine. Asipolijua hilo, kodi zake zitakuwa sahihi na Kiswahili chake kitachechemea.

Mipaka ya kanuni hii

Msomaji anaweza kupinga kwamba napima muziki wetu kwa rula iliyotoka kwingine. Pingamizi hilo lina ukweli, na naona mipaka mitatu.

Mpaka wa kwanza ni taarabu. Siti binti Saad, aliyerekodiwa Bombay kuanzia mwaka 1928, na vikundi kama Ikhwani Safaa cha Zanzibar kilichoanzishwa mwaka 1905, waliimba mashairi ya Kiswahili juu ya makamu za Kiarabu. Makamu ina vipimo vya sauti vidogo kuliko vile vya funguo za kinanda, na udi, fidla na kanuni hufuatana na mwimbaji kwenye njia moja ya sauti badala ya kumjengea kodi chini yake. Kumwuliza Siti kwa nini hakutumia kituo kilichovunjika ni sawa na kumwuliza mvuvi kwa nini hakubeba jembe. Taarabu ina vituo vyake, na mhakiki wake ajifunze makamu.

Mpaka wa pili ni sebene ya rumba ya Kongo. Huko kodi chache huzunguka tena na tena bila kutua, magitaa yakisukana juu yake. Maneno yameshasema yaliyo yao. Sasa ni zamu ya miguu. Kutafuta maana ya kila kodi katika sebene ni kupoteza muda, kwa sababu kazi yake ni kutofika.

Mpaka wa tatu uko nyumbani, kwenye inanga yenyewe. Ngazi zake za sauti tano hazilingani sawasawa na funguo za kinanda. Hata tukizikadiria kwa do, re, mi, sol na la, tunaona kwamba fa na si hazimo. Ndani ya sauti hizo tano kodi kamili zinazopatikana kwa kuruka nota moja moja ni mbili tu: do-mi-sol na la-do-mi. Kwaya inayochukua wimbo wa namna hiyo na kuujaza kodi za fa na sol kila mahali inaufunika kwa blanketi la watu wengine. Lakini angalia ni kodi gani iliyobaki pamoja na do: ni la maina, ileile tuliyoichagua kwa ajili ya kibwagizo. Kwa hiyo kodi ambayo kitabu cha nadharia hukiita kituo kwayo "kilichovunjika" ina makao yake kamili ndani ya sauti tano za kwetu. Kwa sikio la Bukirasazi, kutua hapo kuna ugeni mdogo kuliko jina lake linavyotisha.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba nadharia ya msingi ya muziki ina nafasi katika uhakiki wa Kiswahili, kwa mtunzi na kwa msomaji. Mtunzi aitumie kupata orodha: nota hii imo katika kodi hizi tatu. Kisha ayaulize maneno yake: tumefika, tumefika kwa upole, au tuko mlangoni? Aweke badiliko kwenye silabi yenye mkazo, na asiogope kodi maina mradi ameitangulizia sol.

Kwa sisi wanafunzi wa fasihi, napendekeza hatua ndogo. Tunapochambua wimbo, baada ya kuandika vina vya kati na vya mwisho pembeni mwa ubeti, tuandike pia kodi ambayo kila mshororo unatulia. Ni herufi chache tu, na anayejua do-re-mi anaweza kuzisikia kwa kusaidiwa na mwenzake mpiga gitaa. Safu hiyo ikiwa mbele yetu tutaona mahali ambapo sauti inakubaliana na maneno, mahali inapoyapinga, na mahali inapoyafariji. Wahadhiri wetu wakikubali safu hiyo iingie katika mitihani ya fasihi simulizi, tutakuwa tumelichukua neno la Amri Abedi jinsi alivyolisema: shairi ni wimbo, na wimbo husikilizwa.